Picha inapomsaidia mwanafunzi kufungua mdomo darasani

Katikati ya kipindi cha asubuhi tulipokea ujumbe wa sauti kutoka kwa mama mmoja. Alizungumza kwa kunong'ona, kama mtu asiyetaka mwanawe asikie. Alisema binti yake alifaulu vizuri darasa la saba, akaingia kidato cha kwanza, na tangu aingie amekuwa bubu. Si nyumbani. Nyumbani anasema mpaka anaambiwa anyamaze. Ni darasani. Mwalimu akimwuliza swali anasimama, anatazama meza, anakaa. "Sasa huyu mtoto tumsaidieje, ndugu watangazaji, maana hata mimi mwenyewe hicho Kiingereza sikijui?"

Tulimjibu hewani kwa dakika mbili, na baada ya kipindi tukaona hazikutosha. Ujumbe wa namna hiyo hatukuupata kwake tu. Kila Januari, shule zinapofunguliwa, wazazi wa huku kwetu kusini hutuuliza jambo lile lile kwa maneno tofauti. Kwa hiyo tumeandika makala haya, uyasome taratibu kwenye simu yako, na ukiweza umsomee na mwalimu wa mtoto wako.

Tukiri mapema. Sisi ni watu wa redio, kazi yetu ni sauti, na leo tunataka kusifia picha.

Kimya kinatoka wapi

Mtoto wa shule ya msingi ya serikali hapa Tanzania husoma karibu masomo yote kwa Kiswahili kwa miaka saba. Kiingereza anakutana nacho kama somo mojawapo kwenye ratiba. Akivuka kwenda sekondari mambo yanageuka: hisabati, baiolojia, kemia, jiografia, karibu kila kitabu anachopewa kimeandikwa Kiingereza. Mwanzoni mwa kidato cha kwanza huwa kuna kozi fupi ya lugha ya kumwandaa, lakini wiki chache haziwezi kuziba pengo la miaka saba. Mtoto aliyekuwa wa kwanza kunyoosha kidole darasa la saba anajikuta hana neno la kuanzia.

Hapo ndipo aibu inapoingia. Huku kwetu kuna dereva wa bodaboda, mtu mzima mwenye watoto, ambaye alipokuwa kidato cha kwanza alitaka kusema kwamba jana alikula kuku. Badala ya "chicken" akasema "kitchen". Darasa likaanguka kicheko. Mpaka leo abiria wake wa zamani wanamwita Jiko. Yeye mwenyewe hucheka akitusimulia, lakini anakiri kwamba kuanzia siku ile hadi anamaliza kidato cha nne hakunyoosha kidole tena kwenye kipindi cha Kiingereza. Miaka minne, kwa sababu ya neno moja.

Zipo pia shule ambazo anayekutwa anaongea Kiswahili huvishwa kibao shingoni au hupewa adhabu. Nia huenda ni njema. Sisi tunaona haisaidii, kwa sababu kumnyang'anya mtoto lugha anayoijua hakumpi ile asiyoijua. Anachojifunza ni kunyamaza ili awe salama.

Kuna mtafiti wa Canada anayeitwa Merrill Swain ambaye mwaka 1985 aliandika juu ya watoto wa huko waliosomeshwa masomo yao kwa Kifaransa, lugha isiyo ya nyumbani kwao. Baada ya miaka mingi walikuwa wanaelewa vizuri wakisikiliza na wakisoma. Lakini wakianza kuongea au kuandika, walikuwa nyuma sana ya watoto ambao Kifaransa ni lugha yao. Swain akaeleza kwamba kusikiliza peke yake hakutoshi. Mwanafunzi anahitaji kusukumwa kuitoa lugha mdomoni mwake, ajikwae, aone penye pengo, ajaribu tena, na darasani watoto wale hawakuwa wakipata nafasi ya kutosha ya kusema kwa kirefu. Kwa hiyo mzazi ukiambiwa kwamba mtoto wako "anaelewa ila haongei", usidhani ni ukaidi. Kuelewa ni kazi moja na kusema ni kazi nyingine.

Mtafiti mwingine, Mary Budd Rowe wa Marekani, katika miaka ya 1970 alipima muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza swali. Wengi walisubiri kama sekunde moja tu, kisha wakamgeukia mtoto mwingine au wakajibu wenyewe. Walipojizoeza kusubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yakawa marefu na watoto waliokuwa kimya wakaanza kujitokeza. Jambo hilo lilituchekesha kidogo. Redioni sekunde tatu za kimya ni balaa, fundi mitambo anakuja mbio akidhani umeme umekatika. Darasani, sekunde hizo hizo ndizo zinazompa mtoto nafasi ya kutafuta neno lake.

Picha inabeba nusu ya mzigo

Mwambie mtoto asimame azungumze kwa Kiingereza kuhusu "mazingira". Kwanza inabidi atafute cha kusema. Kisha atafute maneno, ayapange, ayatamke, na wakati wote huo macho ya wenzake sabini yamemkazia. Sasa mwekee mbele picha ya wanawake wakiokota korosho chini ya mkorosho. Cha kusema tayari kipo, kinaonekana. Tena macho ya darasa yamehama, yanatazama mkorosho na hayamtazami yeye. Kwa mtoto mwenye aibu hilo la pili ni kubwa kuliko la kwanza.

Maarifa haya si mapya. Mwaka 1658 mwalimu mmoja kutoka Moravia, eneo ambalo leo liko katika Jamhuri ya Cheki, Jan Amos Comenius, alitoa kitabu cha watoto chenye michoro kilichoitwa Orbis Sensualium Pictus. Kila kitu mchoroni kiliwekewa namba, na namba hiyo ikaonyesha neno lake kwa Kilatini na kwa Kijerumani. Watoto wa wakati huo walikuwa wakikariri Kilatini bila kuona kinachosemwa, karibu sawa na wetu wanaokariri maana ya "photosynthesis" bila kutoka nje kutazama jani.

Nasi huku kusini hatuna uhaba wa picha. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akaenda Dar es Salaam, akachora wanyama kwenye vipande vya ubao kwa rangi za baiskeli. Wachoraji waliomfuata baada ya kifo chake mwaka 1972 huchora pia vijiji vizima: mtu anakimbizwa na nyuki, mwingine anachomwa sindano, mbuzi amepanda juu ya meza. Mchoro mmoja wa namna hiyo una sentensi hamsini ndani yake. Watalii huununua wakaupeleka kwao. Tungependa kuona angalau mmoja ukutani katika kila chumba cha kidato cha kwanza.

Tulipokosea sisi wenyewe

Lakini picha peke yake haimsemeshi mtu, na hili tulijifunza kwa kuaibika. Shule moja ya sekondari ilitualika kuhamasisha wanafunzi. Tukaazima projekta, tukabeba jenereta, tukaonyesha filamu fupi ya Kiingereza ya dakika ishirini. Watoto walifurahi, walicheka, walipiga makofi. Filamu ilipoisha tukauliza kwa Kiingereza chetu cha watangazaji, "Haya, mmeona nini?" Kimya. Kimya kile kile cha siku zote.

Mwalimu wao wa Kiingereza, dada mpole asiyetumia maneno mengi, alitusindikiza mpaka kwenye gari akasema, "Mmewapa cha kutazama. Hamjawapa cha kusema." Akatualika turudi keshoyake bila jenereta.

Keshoyake alikuwa na kalenda ya zamani, ya miaka mitatu nyuma, yenye picha kubwa. Aliifunika yote kwa karatasi ya kaki aliyoitoboa tundu la ukubwa wa kizibo cha soda. Kupitia tundu lile darasa liliona doa la kahawia tu. Ubaoni aliandika neno moja, "Maybe", yaani labda, akauliza ni nini. Mmoja akasema, "Maybe a cow." Mwingine, "Maybe it is a bag." Wa tatu, "Maybe it is your shoe, madam," wakacheka wote, na safari hii hakuna aliyechekwa. Akasogeza karatasi. Likaonekana jambo jingine, wakabadilisha mawazo, wakabishana. Mpaka karatasi inaondolewa na feri inaonekana imejaa watu na magunia, tulihesabu wanafunzi ishirini na watatu waliokuwa wametoa sauti, wengine kwa neno moja, wengine kwa sentensi nzima.

Tulimwuliza siri yake. Alisema ukinyanyua picha ya mbuzi ukauliza "Hiki ni nini?", kila mtu anaona ni mbuzi na wewe mwenyewe unaona ni mbuzi, kwa hiyo hakuna sababu ya mtu kumwambia mwenzake. Ni kama kukaa kwenye basi ukamwambia jirani yako "hili ni basi". Anayejibu anajua anapimwa. Picha ikifichwa, hakuna anayejua jibu, hivyo hakuna aliyekosea. Na lile neno "labda" ni kama fimbo ya kuegemea, mtoto akilishika anaweza kutembea.

Kupeana migongo

Zoezi lake la pili ndilo tulilolipenda zaidi. Wanafunzi wawili wawili wanakaa wakipeana migongo. Mmoja ana picha, mwingine ana karatasi tupu au kipande cha ardhi chenye mchanga. Mwenye picha anaeleza, mwenzake anachora anachosikia. "There is a big tree. Under the tree there are two women." Mchoraji lazima aulize, la sivyo mchoro hautoki: "Where is the basket?" "On her head." Mwisho wanageuka na kulinganisha. Kikapu kikiwa miguuni badala ya kichwani, wanajua wenyewe neno lipi lilipotea, bila mwalimu kusema kitu.

Hebu tupige hesabu. Kipindi cha sekondari ni dakika arobaini. Darasa la watoto themanini, mwalimu akimwita mmoja mmoja, hata asipoteze sekunde moja, kila mtoto anapata nusu dakika. Wakikaa wawili wawili, watoto arobaini wanaongea kwa wakati mmoja, na ndani ya dakika kumi kila mmoja amepata dakika tano. Kelele zitakuwepo. Mkuu wa shule anaweza kuchungulia dirishani akidhani mwalimu hayupo. Ni vizuri kumwarifu kabla.

Yule binti anayetazama meza usimwanzishie mbele ya darasa. Mwalimu huyu kwanza huwapa wote dakika moja ya kutazama picha kimya. Kisha wanaulizana na jirani maneno yanayowashinda, hata kwa Kiswahili. Halafu wanasema kwa Kiingereza wakiwa wawili, halafu wakiwa wanne. Ikifika zamu ya kusimama mbele, binti ameshayasema maneno yale yale mara tatu, na yamemzoea mdomoni.

Kutafsiri kama kwenye kibanda umiza

Kila msomaji wetu anavijua vibanda umiza, na anawajua wale mafundi wanaotafsiri filamu kwa Kiswahili juu ya sauti ya Mmarekani, tena kwa mbwembwe. Mbinu hiyo hiyo inaweza kugeuzwa. Chagua video ya dakika moja, zima sauti, mwanafunzi atafsiri kinachotendeka kwa Kiingereza. Mpira unafaa sana. Wavulana ambao hawajawahi kutoa neno darasani watakutangazia bao: "He runs, he passes, he shoots." Kesho yake rudia video ile ile, sasa waeleze kilichotokea jana: alikimbia, alipasia, alipiga. Wakati uliopita umefundishwa bila kuandika kanuni ubaoni. Tusiseme ni kwa wavulana tu. Shule ile, mtangazaji bora alikuwa msichana mdogo mwenye sauti nzito, na tumemwambia akimaliza shule aje studio.

Umeme hakuna, projekta hakuna, na wanafunzi hawaruhusiwi kubeba simu shuleni. Kuna simu ya mwalimu, kioo kidogo, watoto themanini. Inatosha, tena udogo wa kioo ni faida. Kila kikundi kinatuma mjumbe mmoja. Mjumbe anakwenda mezani, anatazama kwa sekunde ishirini, anarudi mbio kuwasimulia wenzake kwa Kiingereza, nao wanaandika. Anatumwa wa pili kuona sehemu inayofuata. Kama kioo kingekuwa kikubwa, kila mtu angeona na hakuna ambaye angehitaji kusimuliwa.

Video fupi moja mwalimu anaweza kuipakua mara moja akaitumia muhula mzima, au akahamishiwa na mwenzake kwa Bluetooth bila kutumia bando. Picha za kawaida ni nyepesi zaidi kuliko video, na mara nyingi zinafanya kazi vile vile. Kwa wenye televisheni, katuni za Ubongo Kids, zilizoanza kurushwa kutoka Dar es Salaam mwaka 2014, zipo kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Mtoto aitazame kwanza ya Kiswahili, aijue hadithi, ndipo atazame ya Kiingereza. Atakuwa anatafuta maneno tu, hatafuti tena kilichotokea.

Kuhusu picha ipi ichaguliwe, tuna maoni yetu. Picha yenye watu wanaofanya jambo ni bora kuliko picha nzuri ya mlima. Yenye kitu cha ajabu ni bora kuliko iliyonyooka. Kanga na vitenge, mifuko ya mbegu, magazeti ya zamani, mchoro wa mkaa kwenye mfuko wa saruji uliopasuliwa, vyote vinafaa. Ila mwalimu aache zile picha za ajali zinazozunguka kwenye makundi ya simu. Darasani kunaweza kukaa mtoto aliyempoteza baba yake kwa ajali kama ile, na asiseme.

Na makosa je? Mwalimu yule hakatizi sentensi. Ana daftari dogo, anazunguka, anaandika anachosikia. Dakika tano za mwisho anaandika ubaoni sentensi tano bila majina, tatu zenye kosa na mbili sahihi, darasa linatafuta zipi ni zipi. Kanuni yake ya kicheko ni moja: cheka picha, usimcheke mtu. Aliyevunja anakuja mbele kuieleza picha inayofuata.

Isieleweke kwamba kalenda ya zamani itaondoa msongamano au uhaba wa vitabu. Wapo wasomi wetu, kama Martha Qorro aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambao kwa miaka mingi wamesema masomo ya sekondari yafundishwe kwa Kiswahili, na Kiingereza kifundishwe vizuri kama somo. Mjadala huo bado ni mkubwa na tutauletea kipindi chake. Lakini mtoto aliyeko kidato cha kwanza leo ana kipindi kesho saa mbili asubuhi.

Mama asiyejua Kiingereza

Sasa turudi kwa yule mama. Tulimwambia afungue picha zilizomo kwenye simu yake: za harusi, za shamba, za mtoto mdogo akilia. Jioni, kazi zikiisha, aifunike picha kwa kiganja, aache kona moja, amwambie binti yake abashiri kwa Kiingereza kisha amtafsirie. Kujua Kiingereza si sharti. Kwa kweli kutojua kwake ni msaada, maana binti anakuwa mwalimu, na mtu humwogopa anayejua zaidi yake. Dakika kumi zinatosha. Isiwe mtihani, na asimlinganishe na mtoto wa jirani.

Wiki tatu baadaye tulimpigia simu. Walikuwa wametumia picha ya kuku wao aliyepanda juu ya bati. Siku ya kwanza binti alisema neno moja, siku ya tatu mdogo wake wa darasa la nne akaingilia, sasa wanagombania simu. Darasani bado hajasimama mwenyewe, ila wakikaa wawili wawili anaongea, alisema mama, mwalimu ndiye aliyemwambia. Kisha akacheka. Usiku uliopita naye alijaribu kusema sentensi moja juu ya kuku yule, na binti akamkosoa mara mbili.